Herufi Nne za Mzee Mihayo

Ninyi mnaoingia kazini siku hizi mnashika simu, mnabonyeza duara kwenye ramani, duara linafunguka, na maandishi yanawaambia valvu ipi ifungwe na nani atakosa maji. Mmemtuma Mwanaidi aniulize jambo hili lilianzaje. Nimeshawajibu kwa mdomo mara mbili, na mara zote mbili kila mtu aliondoka na hadithi yake. Sasa naandika. Shule niliishia darasa la nne kule Bukene, kwa hiyo mkikuta neno limepinda linyoosheni wenyewe, msinirudishie. Vyeo na mishahara sitaandika. Waliovipata wapo, waulizeni.

Nilikuja Tabora nikimfuata mume wangu aliyekuwa akifanya kazi reli. Tukapanga chumba Chemchem, nami nikapata kazi ya kufagia katika ofisi ya maji. Siku ya kwanza nilipewa ufagio, ndoo na onyo moja: chumba cha ramani fagia chini tu, mezani usiguse. Sikugusa. Nilifungua dirisha ili vumbi litoke, upepo ukaingia, ukainyanyua karatasi iliyokuwa juu ya ramani kubwa ukaitupa sakafuni. Ilikuwa karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, imechorwa mistari ya buluu. Nikaiokota, nikaipangusa kwa kanga, nikairudisha mezani nikiilainisha pembe zote kama mtu anayetandika shuka.

Baadaye akaingia mzee mfupi mwenye koti la kaki. Aliinama juu ya meza, akavua miwani, akaivaa tena.

"Nani ameihamisha Ng'ambo?"

Nikaendelea kufagia.

"Nauliza, nani ameuchukua mtaa wote wa Ng'ambo akaupeleka stesheni? Wale watu watapanda treni na vitanda vyao?"

"Shikamoo," nikasema. "Ni upepo."

"Marahaba. Upepo haujui kuokota."

Huyo ndiye Mzee Mihayo, fundi mkuu wa mabomba. Nilidhani nimefukuzwa. Badala yake aliniita nisogee. Ramani ya chini ilikuwa ya mji: barabara, reli, majengo. Ile nyembamba ya juu ilikuwa ya mabomba. Kila moja peke yake ilikuwa karatasi tu; zikilazwa pamoja sawasawa, ndipo ulipojua bomba linapita chini ya uwanja wa nani. Kwenye kila karatasi alikuwa ameweka misalaba mitatu midogo: pembe ya stesheni, mnara wa kanisa, lango la soko. "Msalaba mmoja hautoshi," alisema, "karatasi itazunguka. Miwili inatosha kama karatasi haijavutika. Wa tatu ni shahidi." Masika karatasi zilivutika kweli, na shahidi alikataa kukaa mahali pake mpaka jua litoke.

Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba kulaza ramani juu ya ramani kumeletwa na kompyuta, mpeni pole.

Nikawa namaliza kufagia mapema ili nimtazame akifanya kazi. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na mimi vilevile, kwa hiyo tulielewana. Mahali mabomba yanapokutana aliita njiapanda. Kila njiapanda ina vifuniko vya chuma ardhini, viwili au vinne, vinavyofanana kama watoto wa kuku, na chini ya kila kifuniko kuna valvu. Kwenye ramani njiapanda ilikuwa duara lenye namba tu. Habari zake zote zilikuwa katika daftari lake lenye jalada gumu: namba ya njiapanda, kisha herufi, kisha valvu hiyo inalisha nani. Msidhani valvu iliyo kaskazini inalisha kaskazini. Mabomba ya mji huu yalitandazwa na watu wengi kwa nyakati mbalimbali, kila mmoja na akili zake.

Herufi zilikuwa nne: S, D, K, N. Nilimuuliza maana yake.

"S ni Sukuma, kifuniko cha kaskazini. D ni Dakama, kusini. K ni Kiya, jua linakotoka. N ni Ng'weli, linakozama. Wewe si Mnyamwezi? Nyumbani mnasemaje?"

"Tunasema hivyohivyo. Lakini hapa ni ofisini, mzee. Kwa nini usiandike Kiswahili?"

Akanitazama kwa huruma. "Haya, tuandike Kiswahili. Kaskazini ni herufi gani?"

"K."

"Kusini?"

"K... tena."

"Mashariki? Magharibi?" Akanisogezea ule ufunguo mrefu wa chuma wa kufungia valvu. "Shika. Nenda kafunge valvu ya K, halafu uje uniambie umemkatia maji nani."

Nilicheka mpaka nikasahau ndoo imejaa. Hayo ndiyo yaliyokuwa masomo yangu ya juu.

Kazi ngumu ya kwanza haikuchelewa. Ile barabara ya zamani ya misafara, ya kuelekea Kwihara, ina miembe minene. Wapagazi walikula embe wakitembea, wakatupa kokwa, na leo mizizi ya kokwa hizo inavunja mabomba yetu. Siwalaumu, walikuwa na njaa. Mwaka mmoja mzizi ulilipasua bomba kubwa pale, na Mzee Mihayo alikuwa kitandani na malaria, hajui asubuhi wala jioni. Mafundi wengine walifunga valvu walizozikumbuka, maji yakaendelea kuruka. Wakafunga nyingine, nusu ya mji ikakauka na bomba likaendelea kuruka. Wakaanza kufukua. Walifukua siku mbili.

Siku ya pili nilipita kwenye kituo cha afya. Kulikuwa na mwanamke amekuja kujifungua, tumbo hili hapa, anatembea na kusimama, anatembea na kusimama, na kichwani amebeba ndoo ya maji ya kumwogeshea mtoto wake. Nilimtua ile ndoo. Nikamfikisha ndani. Kisha nikaenda moja kwa moja nyumbani kwa Mzee Mihayo, nikamwomba mkewe daftari, nikaitafuta namba ya duara la pale kwenye miembe. S. Nikawaonyesha mafundi kifuniko chenyewe, chini ya takataka za muuza kahawa. Mmoja akauliza mfagiaji amejuaje. Nikamwambia afunge kwanza, aulize baadaye. Maji ya bomba yakasimama, na jioni kituo kilipata yake.

Ufagio niliuacha umeegemea ukuta siku hiyo. Sikuurudia.

Miaka iliyofuata nilibeba ufunguo wa valvu nyuma ya Mzee Mihayo, na alipostaafu nikaubeba mbele ya wengine. Daftari aliniachia mimi. Baadaye tulimzika kwao, na yaliyokuwa hayamo kwenye daftari yalibaki kichwani mwangu: kifuniko kipi kimefunikwa na lami, valvu ipi huzungushwa kinyume, mwenye nyumba yupi amejenga banda la mbuzi juu ya njiapanda. Bomba likipasuka popote, naitwa mimi. Nimeitwa harusini. Nimeitwa msibani. Mara moja niliitwa nikiwa kwenye foleni ya komunio. Nilipokea kwanza.

Nilijiona mtu wa maana. Mtu akiitwa sana hudhani kuitwa ndiyo kazi.

Ilipofika zamu yangu ya kukaribia kustaafu, meneja alikuja chumba cha ramani, akaketi bila kukaribishwa, akasema, "Bibi Kalekwa, ukiondoka na hicho kichwa chako sisi tumekwisha." Nikamwambia kichwa ni changu, sikukikopa hapa. Hakucheka. Alisema, "Nakumbuka ile habari ya siku mbili za kufukua. Wewe ukiondoka, bomba likipasuka, nani atajua?" Nilimwona yule mwanamke na ndoo yake kama yuko mlangoni.

Ndipo akaletwa Mwanaidi, binti wa kompyuta kutoka Dar es Salaam. Aliingia na begi mgongoni, akapiga goti kidogo. "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kabila gani?"

"Mzaramo."

Kumbe mtani wangu! Wanyamwezi na Wazaramo tunataniana tangu misafara ilipokuwa ikishuka pwani.

"Ndio ninyi," nikamwambia, "babu zetu walikuwa wakitembea miezi na mizigo kichwani, wakifika wanawakuta mmekaa mnakula nazi."

"Na ninyi mlikuwa mkifika kwetu mnaonja maji ya bahari mnauliza nani kayatia chumvi."

"Haya, keti. Kukaa ndiyo kazi mnayoiweza."

Akaketi kweli, akafungua kompyuta, na hakuinuka mpaka adhuhuri. Nikaona huyu tutaenda naye.

Aliniambia anachotaka kufanya: ramani ya zamani ilazwe juu ya picha ya mji iliyopigwa kutoka angani, na kila duara liwe la kubonyeza. Ukilibonyeza, ukurasa wa daftari unafunguka palepale. Kila fundi ataibeba mfukoni. Ramani na karatasi nyembamba tulizipeleka kwenye duka la kuchapisha lenye mashine kubwa, zikapigwa picha. Mikunjo ilitoka kama mito. Ikabidi nimwonyeshe mstari upi ni bomba na upi ni miaka.

Kuilaza ndiko kulikomshinda kwanza. Alitumia misalaba mitatu ya Mzee Mihayo, stesheni ikakaa, kanisa likakaa, lakini ukienda Ng'ambo mabomba yote yalipita juu ya mapaa ya watu. Nilimwambia karatasi ile imenywa masika mengi, haikuvutika sawa kila upande. Ongeza mashahidi. Tukaongeza vivuko vya reli, madaraja, pembe za majengo ya zamani, kila kitu nilichojua hakijahama. Kompyuta ikaivuta ile picha huku na huku kama ngozi ya ngoma, na mabomba yakashuka kutoka mapaani yakarudi barabarani.

Kisha maduara. Kwenye kompyuta yake yalikaa vizuri mno. Tukampa simu Masele, kiongozi wa mafundi, Mnyamwezi wa Nzega, apate kujaribu. Akabonyeza duara la sokoni.

"Inaniambia niko stesheni," akasema.

"Labda uko stesheni," nikamjibu.

"Mama, nasikia harufu ya dagaa."

Mwanaidi alishika kichwa. Alikuwa amepima kila duara liko umbali gani kutoka ukingo wa kioo cha kompyuta yake. Kwenye kioo kidogo cha simu ramani ilijikunja, maduara yakabaki na vipimo vya kioo kikubwa. Ni kama kumshonea mtu gauni kwa kumpima jirani yake. Alilala kidogo wiki ile, lakini alipata dawa: kila duara akalifunga na mahali pake halisi duniani, si na kioo. Tangu hapo ikuze ramani, ipunguze, igeuze, duara linakwenda nayo kama ndama na mamaye. Mkija kutengeneza nyingine, anzeni hapo. Msipime kioo.

Masele alikuwa na la pili. Dole gumba lake limeshika spana miaka mingi, lina upana wa kijiko cha kupakulia. Akilibonyeza duara moja yanafunguka mawili, au hakuna linalofunguka. "Haya yametengenezwa kwa vidole vya kuchezea kinanda," alilalamika. Mwanaidi akatanua eneo la kubonyeza kuzunguka kila duara, bila kulikuza duara lenyewe lisifunike barabara, na palipobanana maduara yakajikusanya kuwa moja mpaka uikuze ramani. Tena Masele akasema rangi nyekundu na kijani yeye huziona zote kama udongo. Miaka yote ile hakuwahi kumwambia mtu! Kwa hiyo valvu iliyofungwa ikapewa mkato katikati, iliyo wazi ikaachwa tupu, na rangi zikabaki kuwa pambo la wanaoziona.

Mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri, nami nikaanza kuwa na kiburi. Sasa naandika kosa langu.

Ilibaki kuingiza maneno ya daftari. Mwanaidi hakuuweza mwandiko wa Mzee Mihayo, basi nilisoma mimi, yeye akaandika. Kila siku asubuhi tuliketi, nasoma: namba, herufi, anayelishwa. Namba, herufi, anayelishwa. Nilisoma kwa kasi maana nilikuwa na haraka ya kumaliza kabla ya siku yangu ya kustaafu. Siku ya kwanza aliniuliza, "Bibi, hii D ni nini?"

Nikamjibu, "D ni D. Andika."

Hakuuliza tena. Nani angeuliza tena? Mimi nilidhani jambo hilo halihitaji kuelezwa. Lakini nani amwambie Mzaramo kwamba Sukuma si watu wa Mwanza tu, ni upande wa dunia? Yeye aliona S, akaona N, akili yake ikaenda kwenye Kiingereza alichosomea, ambacho S ni kusini na N ni kaskazini. D na K akazigawia pande mbili zilizobaki. Kila duara likapata vitufe vyenye mishale iliyochorwa vizuri, na yote ilielekea pasipo. Nami niliitazama ile mishale, nikaisifu kwa kupendeza.

Zilipobaki wiki tatu nistaafu, bomba la kwenye miembe likapasuka tena. Meneja akasema hii ndiyo siku ya kuijaribu ramani. "Bibi anakaa ofisini. Haendi, hapigi simu. Tunataka kujua kesho yetu ikoje."

Nikakaa. Mwanaidi alikaa karibu yangu, anang'ata kifuniko cha kalamu. Meneja alisimama dirishani. Masele alipopiga simu, sauti iliwekwa juu tusikie wote.

"Nimebonyeza duara. Limefunguka. Inasema funga S." Tukasikia chuma kikigonga chuma. "Nimefunga."

"Maji yamesimama?" meneja akauliza.

"Yanaruka kuliko mwanzo."

"Umefunga ileile iliyoandikwa?"

"S, bosi. Mshale unaonyesha kusini, nimefunga ya kusini." Kisha kelele za watu nyuma yake. "Kuna muuguzi amekuja hapa mbio. Anasema kituo cha afya kimekatika maji na wana mama wawili chumba cha kujifungulia."

Meneja alimgeukia Mwanaidi. "Ramani yako inadanganya. Tuache huu mchezo. Bibi, nenda."

Mwanaidi hakujitetea. Alifunga kompyuta taratibu, macho yamejaa maji. Nami nilikuwa nimesikia neno moja tu, kusini.

"Siendi," nikasema. Nikaiinamia simu. "Masele, fungua hiyo uliyofunga. Sasa hivi, kituo kipate maji. Umefungua? Sasa sikiliza. S ni Sukuma."

Yule Mnzega akapiga ukelele. "Ala! Sukuma! Kumbe tunasoma Kinyamwezi kwa miwani ya Wazungu!" Akawaambia wenzake wahamie kifuniko cha kaskazini. Chuma kikagonga chuma. "Yamesimama. Kimya kabisa. Muuguzi anasema kwao yanatoka."

Meneja akaniuliza nimejuaje. Nilisimama, maana jambo kama hilo halisemwi mtu akiwa amekaa. "Ramani haikudanganya. Iliandika ilichoambiwa. Huyu binti aliniuliza siku ya kwanza, nikamfokea. Kosa ni langu, na ukiitupa ramani kwa kosa langu, basi siku nikiondoka utarudi kufukua siku mbili. Nipe hizi wiki tatu zilizobaki."

Alitutazama mmoja mmoja. "Chukueni. Likitokea tena, ramani inarudi kabatini na sitaki kuisikia."

Tukatoka nje, mimi na Mwanaidi, tukaanza na njiapanda ya kwanza. Sikumsomea tena daftari. Nilimsimamisha juu ya kifuniko, nikamgeuza kwa mabega mpaka aangalie kaskazini.

"Huku?"

"Sukuma," akasema.

"Nyuma yako?"

"Dakama."

"Jua linakotoka?"

"Kiya. Na kule ni Ng'weli. Bibi, kwetu sisi ni rahisi zaidi: kwenye bahari na kusiko na bahari."

"Ndiyo maana mlikuwa mnawahitaji Wanyamwezi wawaonyeshe njia."

Ni yeye aliyesema neno zima liandikwe, si herufi, na kwamba neno pekee halitoshi, maana kesho atakuja mtu wa kabila jingine. Kila valvu ipigwe picha pamoja na kitu kilicho karibu: ukuta, nguzo, mlango wa duka. Nilinyoosha kidole kwenye kila kifuniko, yeye akapiga. Ndiyo maana mkibonyeza duara lolote mnakiona kidole cha bibi kizee. Msicheke, kilikuwa kimechoka. Pale kwenye banda la mbuzi, mwenye nyumba alikataa tuingie, akisema mbuzi wake hawataki kuandikwa serikalini. Mwanaidi alimwahidi kwamba sura zao hazitaonekana. Tukaingia.

Nikamwambia pia yale yasiyo daftarini, na kila nililosema aliliingiza: hii huzungushwa kinyume, hii usiikaze sana, hii gonga kwanza kifuniko kwa nyundo kuna nyuki. Na kila jioni Masele alichagua duara lolote, akaenda na mafundi wake wafunge na kufungua, mimi nikiwa kimya pembeni, mikono nyuma. Kunyamaza kulinichosha kuliko kubeba chuma. Mara tatu walikosea, mara tatu Mwanaidi alirekebisha palepale barabarani. Siku ya mwisho hawakukosea.

Nikastaafu. Walinipa kitenge na keki, wakasema maneno mengi mazuri, mengine yakiwa ya kweli.

Mwezi wa pili nikiwa nyumbani, koki yangu ya uani ikakohoa, ikatema hewa, ikakauka. Nikajua hapohapo: kwenye miembe. Niliyajua mpaka majina ya nyumba zilizokatika. Nikavaa viatu. Nikafunga kanga kiunoni, nikaketi kizingitini na simu mkononi, nangoja kuitwa. Jirani akapita, akauliza naenda wapi. Nikamwambia kazini. Akasema, "Si ulistaafu?"

Simu haikulia. Nikaitazama kama imekufa, ilikuwa nzima. Nikafikiri wamefunga isiyo yenyewe, wanaona haya. Nikafikiri kituo cha afya. Chai yangu ikapoa. Kabla jua halijawa kali, koki ikakohoa tena, ikatoa maji mekundu, kisha meupe.

Nikampigia Masele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Bomba limepasuka?"

"Lilipasuka. Tumemaliza, tunakunywa kahawa."

"Kituo cha afya?"

"Hakikukosa maji hata tone. Mwanaidi mwenyewe yuko Dar kwao, alikuwa hajui mpaka tulipomaliza."

"Na mbona hamkuniita?"

Nilimsikia akinywa funda lake la kahawa bila haraka.

"Tukuite wa nini, mama?"

Nikamwambia hana adabu, Wanzega wote hawana adabu, nikakata simu. Kisha nikavua viatu, nikazijaza ndoo zangu zote, na nilipoona hakuna ya kujaza tena, nikayaacha maji yatiririke kidogo kwenye mchicha, ambao hata haukuwa na kiu.